Droo ya Tatu

Mimi ndiye niliyeitoa. Naanza na hilo ili mtu asinihurumie bure. Nimelea watoto wangu nikiwaambia ukikosa, sema umekosa, na aliyeficha kosa alichapwa mara mbili. Halafu ilipofika zamu yangu nikafunga mdomo siku nne.

Kijana wangu wa mwisho alikuwa mpiga video. Alikuwa na chumba Kitale, juu ya duka la mbolea na mbegu, na ukipanda ngazi zake nguo zilinuka mbolea mpaka jioni. Alipiga harusi, matanga, na sherehe za watoto waliomaliza shule. Akirudi aliketi mbele ya mashine yake akikata na kuunga picha mpaka zikawa hadithi inayoanzia mwanzo na kufika mwisho. Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Sikujua alivyofanya, ila nilijua watu walilia wakiona wapendwa wao wamerudi wanatembea kwenye kioo, na nilijua aliyewaliza ni mtoto wangu.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku jeusi, refu kufika magotini pangu. Mbele ilikuwa na droo tatu ndogo, moja juu ya nyingine, kila moja na taa ya kijani. Siku moja nilikuwa nimetoka nyumbani Bumula na ndizi na kuku, nikakaa kumwangalia akifanya kazi. Nikamuuliza hizo droo ni za nini.

"Hapo ndio ghala, Mayi," akaniambia. "Ziko diski tatu. Kila kitu nikiweka inagawanywa kwa zote, na kila moja inakaa na habari ya zingine. Moja ikikufa leo, zile mbili zinajua kila kitu. Hakuna kitu inapotea."

"Kwa hivyo moja ni ya akiba."

"Eeh. Kama akiba hivi."

Alijibu bila kugeuka, vile kijana hujibu mzee ili apate kuendelea na kazi. Mimi nililishika neno hilo nikaliweka kama ninavyoweka mbegu.

Kisha figo zikamkataa. Sitasimulia hospitali, kila mtu ana hospitali yake. Alipoona mwili haurudi, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya maisha yake yote: aligeuza kamera ikamtazama yeye. Mtoto wake wa kike alikuwa hajafika mwaka. Kwa alasiri tatu alikaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi mapajani, akaongea na huyo mtoto kama mtu mzima. Alimwambia yeye ni wa ukoo gani. Alimwambia babu yake alilima kwa maksai, na vile walivyompa maksai mmoja jina la chifu mpaka chifu akasikia. Alimwambia asiolewe na mwanamume asiyejua kucheka.

Mke wake alishindwa kukaa ndani, alikaa nje kwenye ngazi na mtoto. Mimi nilikaa ndani alasiri moja. Sauti ilikuwa imeanza kupungua, nikamwambia, "Ongea kwa nguvu. Unaongea kama mwizi."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Hiyo nayo imeingia, Mayi. Umeniharibia filamu."

Hizo alasiri tatu ziliwekwa kwenye zile droo. Hazikuwa mahali pengine. Mke wake alisema mtoto akifika umri wa kuelewa atamwonyesha. Sote tuliona hakuna mahali salama kuliko hapo, kwa sababu mwenyewe alisema hakuna kitu inapotea.

Tulimzika Bumula. Mashine tuliileta nyumbani pamoja na vitu vyake vingine, kwa sababu chumba cha marehemu mjini hakikosi wageni wasioalikwa. Siku ya tatu tulinyolewa kama desturi yetu ilivyo, na baada ya kunyolewa wazee wakakaa kugawa vitu vyake. Mjane hukaa ndani siku hiyo. Hakuona kilichotoka na kilichobaki. Koti likaenda kwa mjomba. Viatu vikaenda kwa binamu ambaye vilimtosha. Mwanangu mkubwa, ambaye ana duka la kuchapa barua na kutoa kopi huko Ndalu, alikataa koti, akakataa saa.

"Mimi sitaki nguo," akasema. "Nataka kitu alikuwa anashika kila siku."

Wazee wakanitazama mimi. Nami nikasimama, nikaenda kwenye lile sanduku, nikavuta droo ya chini. Ilitoka bila shida. Ndani mlikuwa na kitu chepesi, chembamba kama biskuti ya chai. Nilishangaa maneno yote ya mtoto wangu kukaa mahali pepesi hivyo. Nikakifunga kwenye leso nikampa kaka yake, nikasema mbele ya watu, "Hii ni ya akiba. Mwenyewe aliniambia."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza. Mzee akiongea kwa uhakika watu hudhani anajua.

Mjane alirudi Kitale na mashine, akaendelea na kazi ya mumewe, kwa sababu alikuwa amejifunza kwake na mtoto lazima ale. Mwaka uliofuata nikahamia kwake nimsaidie kumwangalia mtoto. Hapo ndipo nilipoanza kuona mashine inavyotambaa.

Kila asubuhi akiiwasha, kabla ya kufunguka, iliandika mstari mwekundu kwa Kiingereza. Yeye alibonyeza kitufe, mstari ukaondoka. "Imekuwa ikiandika hivyo tangu matanga," aliniambia. "Lakini inafunguka tu." Ikishafunguka, picha zilikwama. Kuhifadhi kazi ya harusi moja kulichukua muda wa kupika maharagwe yakaiva. Wateja wakaanza kupiga simu, na wengine wakaacha kupiga, ambayo ni mbaya zaidi.

Nami nilimsuta. Nasema ukweli. "Mume wako alikuwa anamaliza harusi kwa siku mbili," nikamwambia. "Wewe ni wiki mbili."

"Mashine imechoka, Mayi."

"Mashine haichoki. Mtu ndiye huchoka."

Alivuta kiti karibu na kioo, akaendelea kungoja.

Alileta fundi wa kwanza, akapuliza vumbi kwenye feni, akanigombeza kwa kitambaa nilichofuma nikakifunikia sanduku. Akasema kinaleta joto, na joto linapunguza mbio. Nikakitoa kwa uchungu, nilikuwa nimekifuma wiki tatu. Mashine ilitambaa vilevile. Wa pili akasema ni virusi, akafuta nusu ya programu, ikawa haina virusi na haina mbio. Wa tatu akabadilisha kebo na kuongeza memori, akasema sasa itaruka kama swara. Siku mbili ilikuwa afadhali. Siku ya tatu ikarudi kule kule.

Wakati huo mtoto alikuwa amefika miaka minne. Alirudi kutoka shule ya chekechea akaniuliza mimi bibi yake, akiwa bado na begi mgongoni, "Kukhu, baba yangu alikuwa na sauti gani?" Mwenzake darasani alikuwa amejisifu kwamba baba yake ana sauti ya trekta.

Mama yake aliona siku imefika. Akamkalisha mapajani, akafungua ile alasiri ya kwanza. Mtoto wangu akatokea kwenye kioo, na blanketi lake. Akafungua mdomo. Picha ikakwama hapo hapo, mdomo wazi. Tukangoja. Sauti ikatoka kipande, ikakatika, ikatoka kipande kingine kisichoshikana na cha kwanza.

"Anasema nini?" mtoto akauliza.

"Ngoja, anakuja," mama yake akasema.

Tulingoja mpaka mtoto akashuka mapajani akaenda kucheza. Mjane aliizima mashine. Kesho yake akamwita fundi mmoja mzee, Singasinga mwenye duka la vipuri vya kompyuta, ambaye baba yake alikuwa akitengeneza redio za watu wa hapa tangu sijaolewa. Watu walikuwa wakisema ni ghali. Alikuja na miwani juu ya kilemba, akanisalimia kwa Kibukusu chetu, chenye makosa mawili tu, akachuchumaa mbele ya sanduku. Hakugusa feni. Hakugusa kebo. Alihesabu taa kwa kidole.

"Moja. Mbili." Akavuta droo ya chini. "Hii iko tupu. Ya tatu iko wapi, mama?"

Mjane akamwangalia. "Hakuna mtu amewahi fungua hapo."

"Mtu amefungua. Haina miguu hii." Akanyanyuka, magoti yakalia. "Basi nyinyi mmehangaika bure na vumbi. Hizi zilikuwa tatu zikibeba mzigo pamoja. Sasa ziko mbili. Kila ukiuliza kitu kilichokuwa kwa ile ya tatu, hizi mbili lazima zikae, zihesabu, zijue ile nyingine ingesema nini. Ni kama kuuliza watu wawili maneno ya mwenzao aliyekufa. Watakujibu. Lakini watafikiria kwanza."

Nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia, nampa mtoto uji. Kijiko kilisimama mkononi.

"Na zinaweza kuendelea hivyo?" mjane akauliza.

"Zimeendelea miaka mitatu, ni Mungu. Moja ya hizi ikianguka, umepoteza yote. Usifanye kazi nayo tena. Jumamosi naleta diski kubwa ya kuhamishia. Tutatoa kwanza mali iliyo ndani, pole pole. Ndipo tuweke ya tatu. Usiweke kitu kabla. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mimi pia nilisikia. Ila nilisikia kama mkosaji, ambaye husikia kile kinachomsaidia kujificha. Nilijiambia fundi anazungumzia diski mpya, ya kununua. Yangu si mpya. Yangu ni ile ile. Ikirudi kwa wenzake itakuwa imerudi nyumbani, kama jembe uliloazima, unalirudisha mahali pake ukutani na hakuna anayeuliza lilikuwa wapi. Ilikuwa Jumanne. Nikanyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano. Nilikuwa namtazama yule mwanamke akizunguka chumbani akijiuliza ni nani, akimshuku mwenye nyumba, akimshuku fundi wa pili, na mimi namkabidhi chai.

Alhamisi nikasema naenda kuona mtu mgonjwa. Nikaenda Ndalu.

Mwanangu mkubwa alikuwa na watu wanne kwenye foleni ya kopi. Nikamwambia nataka kile kitu cha kaka yake.

"Kile? Kiko ndani ya kompyuta yangu, Mayi. Kinafanya kazi vizuri sana. Kwani kuna nini?"

"Kitoe."

Akawaomba wateja wangoje, akafungua kompyuta yake, akakitoa. "Nilijaribu kuangalia kama kuna picha zake," akasema. "Ilikuwa takataka tu, hakuna kitu ya kusomeka. Ikaniambia inataka kusafishwa, nikaisafisha."

"Umefuta nini?"

"Si nimekuambia hakukuwa na kitu?" Akanitazama vizuri sasa. "Mama mtoto anajua ulinipa?"

Nikatandaza leso kwenye kaunta.

"Mwambie tu, Mayi. Huyo si mtu wa kelele."

"Nikuzae halafu unifundishe kusema ukweli?" nikamwambia, na mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. Nikaifunga kwenye leso. Nililala kwake, na asubuhi nikaondoka na mapema.

Ijumaa nilipofika Kitale, mjane alikuwa ameenda kupiga matanga upande wa Kipsongo kwa kamera ya kuazima, na mtoto yuko shule. Nilikuwa peke yangu na lile sanduku. Nikaliwasha kama nilivyomwona akiliwasha. Mstari mwekundu ukatokea, nikabonyeza. Lilipofunguka nikavuta droo ya chini, nikaweka ile diski kama ilivyokuwa nilipoitoa, nikasukuma.

Taa ya chini ilikaa kidogo bila kuwaka. Kisha ikawaka rangi ya chungwa, ikaanza kupepesa. Kwenye kioo kikatokea kiboksi cha Kiingereza chenye kitufe kimoja cha kusema ndiyo. Nikabonyeza. Taa zote tatu zikapepesa pamoja, haraka haraka, kama watu waliokutana baada ya miaka mingi na kila mmoja ana maneno. Nilifurahi. Niliona mashine imemtambua ndugu yake. Nikaenda kuosha vyombo nikiimba.

Saa nne ilikuwa inapepesa. Saa sita feni ilikuwa inalia kama kinu cha kusaga mahindi, nikafungua dirisha ipate hewa. Kitambaa sikukirudisha, angalau hilo nilikuwa nimejifunza. Saa nane na kitu, nikiwa nachambua mchicha, kelele ikapungua. Nikatazama. Taa ya droo ya katikati ilikuwa nyekundu. Zile nyingine mbili zilikuwa zimetulia, haziombi kitu. Kioo kilikuwa cha bluu, na maandishi meupe.

Sikujua kusoma kilichoandikwa. Nilijua tu.

Alirudi na kamera begani, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Alisimama mlangoni akaona taa. Nikamwambia kabla hajauliza, nikiwa nimeketi na mchicha mapajani. Nilimwambia droo, nikamwambia siku ya kunyolewa, nikamwambia Ndalu. Sikutia chumvi wala sukari.

Hakupiga kelele. Mwanangu mkubwa alisema kweli. Alivua viatu, akavipanga vizuri ukutani kama mtu asiye na haraka.

"Tangu Jumanne ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia tu, Mayi."

"Niliogopa."

"Wewe?" Akageuka. "Wewe unaogopa nini?"

"Wewe."

Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba ninaweza kumwogopa, na mimi sikuwa nimefikiri hivyo mpaka neno liliponitoka. Kisha akaketi sakafuni mbele ya sanduku, akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa bado moto.

Jumamosi fundi alikuja na diski yake kubwa chini ya kwapa. Alifungua, akapima, akauliza, na safari hii nilijibu mwenyewe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Ile iliyorudi ilikuwa tupu, mama," akaniambia. "Ulipoiweka, hizi mbili zikaanza kuijaza. Zinasoma kila kitu, mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Hii ya katikati ilikuwa imechoka siku nyingi. Kazi ndogo ndogo ingevumilia. Ile kazi yote kwa siku moja, hapana."

"Mashine huchoka," nikasema.

"Huchoka sana."

Aliichukua ile ya katikati akaituma Nairobi, kwa watu wanaofungua diski zilizokufa. Tulingoja wiki tatu. Mjane hakunisema neno baya wiki zote hizo, alinisalimia asubuhi na kunipa chakula kikiwa moto. Diski ikarudi ndani ya bahasha. Walikuwa wamejaribu. Hakukuwa na kitu.

Nilifunga nguo zangu nirudi Bumula. Niliona sina uso wa kukaa katika nyumba hiyo. Alinikuta na mfuko mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na mtoto nimwambie nini akiuliza?" akasema. "Mimi nilikaa kwenye ngazi. Sikusikia hata alasiri moja mpaka mwisho. Ni wewe ulikuwa ndani. Weka huo mfuko chini."

Nikauweka chini.

Kwa hivyo niko hapa bado, juu ya duka la mbolea. Yeye ana mashine nyingine sasa, ndogo, na kila kazi anaiweka mahali pawili kisha nakala moja anaipeleka kwa fundi amhifadhie. Mimi sigusi. Jioni, tukishakula, mtoto hukaa katikati yetu na kuuliza baba alisema nini. Sauti siwezi kumpa. Nilijaribu mara moja kuongea kama yeye, nikasikia aibu, nikaacha. Lakini maneno ninayo, ya alasiri moja kati ya tatu, na mama yake ana yale yaliyopita chini ya mlango akiwa kwenye ngazi. Ninaanza na maksai na jina la chifu. Mama yake anasema hapana, alianza na mambo ya ukoo, maksai walikuja baadaye. Nasema alicheka ndipo akakohoa. Anasema alikohoa ndipo akacheka. Tunanyamaza wote wawili, kila mmoja akitafuta kwa upande wake.

Mtoto anatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Kwani mnafikiria nini?" anauliza.

"Ngoja," namwambia. "Tunakuja."